Gambuti za Daktari na Ndoo ya Mama

Daktari alikuwa haoshi gambuti, zile buti zake za mpira. Naanza hapo kwa sababu ndipo nilipoanza kumdharau, na hadi leo sijapata sababu ya kuacha.

Alikuwa daktari wa vitabu, si wa hospitali. Alifundisha chuo kikuu Nairobi. Mwaka ule serikali mpya ilipoingia na watoto wa Kalama, tarafa yetu karibu na Machakos, wakajazana shuleni bila karo, yeye naye alikuja kwetu na gari la mradi, dereva, hema na swali moja: kwa nini vyura wa maji yetu wanakufa? Swali lilikuwa zuri, nakiri mapema. Chura hunywa kwa ngozi na hupumua kwa ngozi, kwa hiyo maji yakiharibika yeye ndiye wa kwanza kuonyesha. Anayewachunguza vyura wa Kalama anachunguza maji ya Kalama, na kwetu maji hayana mzaha. Ubaya ni kwamba alikuja na jibu lake pia, limeshapigwa chapa, ndani ya mkoba.

Jibu lilikuwa sabuni. Sabuni ya akina mama wanaofulia kando ya maji, na dawa ya kupe inayotiririka kutoka mgongoni mwa ng'ombe.

Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani mwaka mmoja kabla, baada ya miaka kumi na moja Uingereza. Huko nilianza kwa kusugua vizimba vya wanyama katika maabara ya magonjwa ya mifugo. Nilisugua hadi mikono ikachubuka, nikasoma masomo ya jioni miaka sita, nikapata diploma ya ufundi wa maabara. Hakuna mjomba aliyenichangia. Hakuna harambee iliyoitishwa kwa jina langu. Niliporudi nilijenga nyumba ya mawe kwenye shamba la marehemu baba, na diploma nikaiweka kwenye fremu sebuleni, juu ya meza ya redio.

Majirani walikuja kuiona. Walikunywa chai yangu kwa vijiko vinne vya sukari, wakainua shingo.

"Hii ndiyo digirii?"

"Ni diploma."

"Aa." Akakoroga chai yake. "Miaka kumi na moja, diploma?"

Aliyeniuliza hivyo alikuwa mtu ambaye paa la jiko lake liling'olewa na upepo nikiwa darasa la saba, na nilipotua na masanduku yangu lilikuwa bado limelala nyuma ya choo, mahali pale pale. Watu wa namna hiyo nilijifunza kutowajibu. Niliwaongezea sukari.

Daktari naye aliniuliza swali hilo hilo, ndani ya hema lake, siku niliyokwenda kuomba kazi. Aliishika nakala ya cheti kwa vidole viwili. "Diploma," akasema, kama mtu aliyekuta dudu kwenye maharagwe. Lakini alinihitaji, na nilijua. Ugonjwa wa ngozi hauonekani kwa macho. Lazima ukate kipande cha ngozi ya chura, chembamba kuliko karatasi, ukipake rangi, ukitazame kwa hadubini. Yeye mara ya mwisho kukata ngozi alikuwa mwanafunzi. Hadubini yake ilikuwa chuoni, ndani ya kabati lililofungwa, na ufunguo alikuwa nao mtu aliyekuwa likizoni. Mimi hadubini yangu ilikuwa mezani kwangu. Niliinunua kuukuu kule maabara, nikaibeba mapajani kwenye ndege kama mtoto mchanga.

"Utakuwa fundi wangu," akasema.

Nikakubali. Fundi ni mtu anayejua kitu.

Kazi yetu ilikuwa kwenye maji matatu. La kwanza lilikuwa bwawa la chini, karibu na soko, ambako vyura walikuwa wameanza kufa kabla hatujafika. Ya pili, chemchemi iliyoko katikati ya mlima, ambayo haijawahi kukauka tangu nizaliwe, ingawa maji yake ni haba, hayatoshi kijiji kuchota. La tatu lilikuwa bwawa jipya la akina mama, juu kabisa. Hilo lilijengwa na mwethya, yaani kikundi cha kazi cha wanawake wa kijiji, na mwenyekiti wake alikuwa mama yangu. Misimu mitatu ya kiangazi walibeba mawe kwa kichwa na kujenga ukuta kukata mkondo wa mto wa msimu, hadi mchanga ukajaa nyuma ya ukuta na maji yakabaki ndani ya mchanga. Kabla ya hapo walishuka hadi bwawa la chini, mwendo wa saa moja na nusu kwenda na mwingine kama huo kurudi, na mtungi mgongoni.

Wiki ya kwanza tulishinda bwawa la chini. Vyura walikaa juani mchana kweupe, miguu imetandazwa, ngozi ikiwatoka vipande kama rangi ya ukuta uliolowa. Daktari aliingia majini na gambuti zake za kijani, akaokota, akahesabu, akatoka. Kisha akaelekea garini.

"Kabla hatujaenda chemchemi, gambuti zioshwe," nilimwambia.

"Zioshwe na nini?"

"Klorini. Halafu zikauke kabisa."

Akamgeukia dereva. "Umesikia? Vyura wa Kalama sasa wanapigiwa deki."

"Labda tuwanunulie na taulo, Daktari," dereva akasema, na wakacheka hadi dereva akaegemea bodi ya gari.

Kuanzia siku hiyo waliniita Bwana Deki. Nilikwenda mjini Machakos, kwenye duka la mzee mmoja Mwislamu karibu na msikiti, nikanunua klorini na karai la bati kwa pesa yangu. "Unanunua nyingi hivi," akaniuliza, "umefungua hoteli?" Nikamweleza kwamba kuna ugonjwa wa vyura unaosafiri kwa viatu. Alinitazama kidogo, akafunga chupa vizuri kwa gazeti, akasema, "Basi osha na mikono pia." Mtu wa duka, bila daraja lolote la chuo, alielewa kwa sentensi moja.

Daktari hakuelewa. Tuliingia chemchemi, mimi nikiwa na gambuti safi na yeye akiwa na matope ya bwawa la chini. Siku hiyo vyura wa chemchemi walikuwa wazima. Nilihesabu na kuandika katika daftari langu, tarehe na saa. Wiki ya nne, wa kwanza wakaanza kutoka juani na kutandaza miguu.

Nilikata ngozi zao, nikazipaka rangi, nikaona nilichotarajia: vimipira vidogo vimejipanga ndani ya ngozi, vingine vitupu, vingine vimejaa mbegu. Kuvu. Nilikuwa nimeviona Uingereza, kwa vyura waliokufa nchi za mbali. Nikamwita Daktari aje nyumbani kutazama. Alifunga jicho lisilotakiwa, akatazama kwa muda wa kupiga chafya.

"Mapovu ya hewa," akasema. "Umeweka kioo vibaya."

Miaka mingi naweka vioo.

Bwawa la akina mama, yeye hakuwa amelikanyaga kabisa, na sababu ilikuwa ya kuchekesha. Mwethya walikuwa na sheria kwamba hakuna anayeingia mle na viatu, kwa sababu viatu huleta kinyesi cha ng'ombe. Chifu alivua. Padri alivua. Daktari alikataa kuvua gambuti, akasimama juu ya ukuta na kuandika akiwa huko huko. Mimi nilivua, nikaosha miguu, nikahesabu. Vyura walikuwa wachache, waliokuja wenyewe na mvua, na wote wazima.

Basi Daktari akaitisha baraza pale pale ukutani. Akawaambia akina mama, kwa Kiswahili cha redioni, kwamba sabuni yao inaua viumbe adimu, na kwamba ataandika kwa mkuu wa tarafa bwawa lizungushiwe seng'enge miaka miwili. Wafadhili wangetoa seng'enge na mlinzi. Hakuna kufua, hakuna kunywesha mifugo, hakuna kuchota.

Mama yangu aliuliza, "Daktari, na sisi tutachota wapi?"

"Kuna bwawa la chini."

"Lile lenye vyura wamekufa?"

Wanawake wakaguna. Mmoja aliyekaa nyuma akapaza sauti: "Daktari, wewe unakunywa maji gani? Niko na swali tu." Kila mtu aliona chupa ya maji ya dukani mkononi mwake. Akaiweka nyuma ya mgongo, na hapo kicheko kikalipuka.

Lakini kicheko hakizuii barua. Mimi nilisimama nikasema vyura wa bwawa hili ni wazima na wanawake hawa wamefulia hapa mwaka mzima. Waliougua ni wa chemchemi, na chemchemini hakuna anayefua. Walioingia kule ni sisi na gambuti zetu. Daktari akaanza kukusanya karatasi zake, na kwa mara ya kwanza nikafurahia kazi yangu.

Furaha ilidumu siku kumi na mbili. Siku ya kumi na tatu mama mmoja wa mwethya aliniletea vyura wawili kwenye kata ya kibuyu, wamekufa, ngozi inawatoka. Wametoka bwawa la akina mama. Nilikata, nikapaka rangi, na vimipira vilikuwepo. Daktari alipata habari kabla ya chakula cha mchana. Alikuja hadi kwenye veranda yangu, na hakuketi.

"Gambuti zangu hazijafika huko. Au zimefika?"

"Hazijafika."

"Na sabuni imefika. Eleza, Bwana Diploma." Barua, akasema, itasomwa kwa mkuu wa tarafa siku ya Ijumaa.

Nilipitia daftari langu mara tatu. Nilimtafutia kosa dereva. Nilifikiria ndege korongo na miguu yake ya matope, nilifikiria punda, nilifikiria hata upepo, na nilijua kila nilipofikiria kwamba nafanya kile kile alichofanya Daktari: nina jibu, natafuta njia ya kuliokoa.

Jumanne mama alikuja kuchukua vyombo kwenye veranda. Alisimama karibu na ndoo yangu ya bluu, ile niliyokuwa nabebea vyura wagonjwa kutoka chemchemi kuwaleta mezani kwangu.

"Mwanangu," akasema, "hawa vyura wa chemchemi wako na shida gani? Nimepeleka mara tatu, hawashiki."

"Umepeleka wapi?"

"Bwawani kwetu."

Niliacha nilichokuwa nacho mkononi. "Mwaitu," nikasema, kama tunavyomwita mama kwa Kikamba, "nilikwambia uwamwage."

"Nilikuuliza wapi, ukasema kokote mbali na hapa. Bwawa si liko mbali na hapa?"

Ni kweli. Nilikumbuka sauti yangu. Nilikuwa nimeinama kwenye hadubini, sikuinua hata kichwa. Ndoo ilikuwa na wale niliokwisha kuwatazama, wazima kwa sura, wagonjwa kwa ngozi, na nilimwambia mama yangu awamwage kama mtu anavyomwambia kijakazi. Sikumweleza wana nini. Niliona itakuwa kazi bure kumweleza mwanamke ambaye hakufika darasa la pili.

"Bwawa jipya bila chura hukauka," akaendelea, kwa subira, kama anayemkumbusha mtoto. "Unachukua kwa maji ambayo hayajawahi kukauka, unabeba na maji yake, unamwaga kwa maji mapya. Hao wachache waliokuja wenyewe hawatoshi. Mama yangu alifanya hivyo kisima cha baba yako kilipochimbwa. Na wewe ulikuwa hapo. Wewe ndiye ulibeba kata."

Nilikuwa hapo. Nilikuwa na miaka mitano hivi, na kata ilikuwa nzito, na chura alinikojolea mkononi na nyanya akasema ni baraka. Jambo hilo nilikuwa nalo kichwani miaka yote, nimelifungia mahali pamoja na mambo mengine ya kwetu ambayo mtu wa diploma hayahitaji.

Sasa picha ilikuwa kamili. Bwawa la chini hadi chemchemi, gambuti za Daktari. Chemchemi hadi bwawa la akina mama, ndoo yangu. Nikisema, bwawa linapona seng'enge, na mimi ninaingia mdomoni mwa Daktari mzima mzima. Nikinyamaza, sabuni inashinda, na mama yangu, akiwa na magoti yale, anarudi kushuka mlima na mtungi. Ningependa kuandika kwamba sikusita. Nilisita Jumatano yote. Nilijaribu tena korongo.

Alhamisi nilimketisha mama kwenye kiti changu, mbele ya hadubini. Nikamweleza kila kitu tangu mwanzo, kwa Kikamba, maana mambo haya sikuwahi kuyasema kwa Kikamba na yalinichukua mchana kutwa. Alitazama muda mrefu kuliko Daktari.

"Hii mipira ndiyo inaua?"

"Ndiyo."

"Na inapanda kwa ndoo."

"Kwa ndoo, kwa viatu, kwa chochote chenye majimaji."

Aliondoa jicho. "Ungeniambia, ningewachoma na majivu ya moto siku ya kwanza," akasema. Akabeba vyombo vyake akaenda.

Ijumaa tulikuwa ofisini kwa mkuu wa tarafa: yeye, chifu, Daktari, dereva mlangoni, na wanawake watano wa mwethya kwenye benchi. Daktari alisoma barua yake. Ilikuwa na maneno marefu na sabuni kila aya. Alipomaliza nilisimama, nikaweka mezani hadubini, daftari na ndoo ya bluu.

Nikasema kwamba ugonjwa ni kuvu. Kwamba uliletwa bwawa la akina mama ndani ya ndoo hii, na ndoo hii ni yangu. Nikaishia hapo, kwa sababu sikutaka kuendelea hadi kwa aliyeibeba.

Daktari alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Kwa hiyo, mheshimiwa, ugonjwa umeenezwa na mtu wa diploma."

"Bwawani, ndiyo," nikasema. "Chemchemini umeenezwa na mtu wa digirii tatu. Tarehe ziko humu. Daftari la safari la gari nalo lina zake, tulinganishe."

Tabasamu likaenda. Mkuu wa tarafa alimwita dereva. Nilitarajia atamlinda bosi wake. Badala yake alisoma tarehe zake kwa sauti, moja baada ya nyingine, akitazama sakafu, na zote zililingana na zangu.

Ndipo mama akasimama kwenye benchi. "Mheshimiwa, ndoo ni yake, lakini kichwa kilichobeba ni changu. Aliniambia nimwage, mimi nikapeleka. Na sabuni haikuwa ndani."

Mkuu wa tarafa aliinama kwenye hadubini. "Naona mipira." Akainuka, akamtazama Daktari. "Sabuni ikiwa kwa ngozi inaonekana hivi?"

Daktari alisema mambo ni magumu zaidi ya hivyo.

"Mimi nimeuliza kama inaonekana."

"Hapana."

"Sasa seng'enge itazuia nini? Ndoo ilipita na mwenye bwawa." Akaikunja barua mara mbili, akaiweka chini ya bilauri yake ya chai. Bwawa likabaki wazi. Akaagiza kila anayeingia maji yoyote Kalama aoshe viatu na vyombo, na kazi ya kusimamia akawapa mwethya.

Daktari hakunihitaji tena baada ya mwezi huo. Taarifa yake ilitoka mwaka uliofuata, imejaa kuvu kila ukurasa kana kwamba aliiona yeye ndotoni. Gambuti hazimo. Mimi nimo, mahali pamoja: "uzembe wa fundi wa mradi." Nimeisoma mara nyingi kuliko inavyostahili. Neno uzembe ni la haki. Neno fundi pia.

Alirudi mvua za vuli za mwaka huo zilipoanza, na gari jipya na dereva yule yule, kuona kama vyura wa juu wamebaki. Nilimkuta kwenye njia ya bwawa nikiwa nakuja na ndoo yangu kuchukua maji ya kupima. Mama alikuwa ameketi kwenye jiwe kando ya lile karai langu la bati, limejaa klorini, na nyuma ya ukuta vyura walikuwa wakilia, si wengi, lakini walikuwa wakilia.

"Habari, Daktari. Vua."

"Mama, nitasimama tu pale ukutani, kama siku ile."

"Ukutani pia ni bwawani. Vua."

Alivua. Soksi ya kulia ilikuwa na tundu ambalo kidole chote kilipita, na nikaelewa kwa nini siku ile alikataa kuvua akabaki ukutani. Akainama, mwenye digirii tatu, akasugua gambuti zake kwa gunzi la mahindi huku wanawake wawili wakisimamia na kumwonyesha alipoacha matope. Nilisimama nikala ile picha yote, sikuharakisha.

"Na wewe," mama akasema bila kugeuka, "unacheka nini? Leta hiyo ndoo."